Bahati nasibu ya chama na mkeka ulioshinda: kodi ya Marekani kwa wana-Mwanza

Chama cha wana-Mwanza walioko Marekani kinapotaka kuezeka zahanati Ukerewe au kupeleka madawati Sengerema, njia nyepesi ya kuchangisha ni kuuza tiketi za bahati nasibu kwenye sherehe ya mwaka. Shida huja wakati wa hesabu: mhazini ameandika kilichobaki, ilhali IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, inauliza kilichoingia. Wanaobeti nao hukwama hapohapo, kwa kuwa hujumlisha faida ya mwaka mzima na kusahau kwamba kila ushindi ni kipato.

Tuanze na chama. Mkiuza tiketi za dola 60,000 na kutoa zawadi za dola 25,000, mapato ghafi ni 60,000, si 35,000. Chama ambacho mapato yake ghafi kwa kawaida hayazidi dola 50,000 kwa mwaka hujaza Fomu 990-N, taarifa ya mwaka kwa IRS ambayo ni fupi na hujazwa mtandaoni. Mkivuka hapo mnaingia 990-EZ, ambayo ni ndefu zaidi, na mapato ghafi ya michezo ya kubahatisha yakizidi dola 15,000 mnaambatanisha kiambatisho kiitwacho Schedule G. Kwa mwaka wa kalenda, mwisho ni 15 Mei. Msipowasilisha miaka 3 mfululizo, msamaha wenu wa kodi unafutika wenyewe, na kuurudisha ni maombi mapya na ada.

Leseni ya jimbo inatangulia yote. Utah, kwa mfano, hairuhusu bahati nasibu ya kulipia hata ikiwa ya hisani. Wala msiwauzie tiketi ndugu walioko Kirumba au Igoma, Mwanza, kupitia WhatsApp. Tanzania nayo ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na leseni zake. Na muandike kwenye tiketi kwamba fedha yake si mchango wa kupunguziwa kodi. Wengi hudai punguzo hilo kwa nia njema kabisa, na halipo.

Zawadi ndiyo inayotaka umakini zaidi. Kwa malipo ya 2026, chama hutoa Fomu W-2G, taarifa ya ushindi kwa mshindi na IRS, pale ushindi unapofika dola 2,000 na pia kufika mara 300 ya bei ya tiketi. Tiketi ya dola 5 ikishinda dola 2,500, fomu inatoka. Ushindi ukitoa bei ya tiketi ukizidi dola 5,000, lazima chama kikate asilimia 24. Sasa chukua gari la dola 20,000 kwa tiketi ya dola 20: kodi ni asilimia 24 ya 19,980, yaani dola 4,795.20. Gari halikatwi kipande, kwa hiyo mshindi alete fedha hizo kabla ya kupewa funguo. Chama kikiamua kumlipia, hesabu inapanda hadi asilimia 31.58, yaani dola 6,309.68. Mkikabidhi funguo kwanza na kudai baadaye, deni ni lenu. Kodi iliyokatwa huripotiwa kwa Fomu 945.

Wanafunzi wa viza ya F-1 wako kwenye njia nyingine. Kwa kawaida, katika miaka 5 ya kalenda ya mwanzo siku zao hazihesabiwi, hivyo kikodi si wakazi: hukatwa asilimia 30, hupewa Fomu 1042-S badala ya W-2G, na hujaza 1040-NR, ripoti ya kodi ya wasio wakazi, pamoja na kiambatisho chake Schedule NEC. Hasara hawapunguzi hata senti. Tanzania haina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kuwapunguzia kiwango hicho, Kenya na Uganda vilevile. Mwanafunzi akijaza W-9, fomu ya wakazi, kwa mazoea, chama kitamkata vibaya. Yeye ajaze W-8BEN, fomu ya wasio wakazi.

Mkazi, pamoja na mwenye green card, huandika ushindi wote kwenye Schedule 1, kiambatisho cha ripoti yake ya kodi, mstari wa 8b, hata kama hakupewa fomu yoyote. Hasara huwekwa Schedule A, kiambatisho cha kuorodhesha makato mojamoja, na hapo ndipo penye machungu: kuanzia 2026 inahesabika asilimia 90 tu ya hasara, tena isizidi ushindi. Umeshinda 4,000 na kupoteza 4,000? Unapunguza 3,600, na 400 inatozwa kodi ingawa mfukoni hakuna kitu. Ukichukua punguzo la kawaida badala ya Schedule A, punguzo ambalo kwa mseja ni dola 16,100 mwaka 2026, hasara haikusaidii kabisa na 4,000 yote inabaki kipato. Weka daftari: tarehe, mahali, aina ya mchezo, dau, matokeo, na mikeka yenyewe, hata iliyochanika.

Ukiwa likizo Mwanza ukashinda mkeka kwenye simu, kampuni hukata kodi ya Tanzania kabla hujalipwa. Bado mkazi wa Marekani anauripoti ushindi mzima, kwa dola, kabla ya makato. Hifadhi ujumbe unaoonyesha kodi iliyokatwa. Bila huo huwezi hata kuomba nafuu ya kodi iliyolipwa nje kwa Fomu 1116. Na kama jumla ya akaunti zako za nje ilizidi dola 10,000 hata kwa siku moja, kuna FBAR, ripoti ya akaunti za nje (Fomu 114 ya FinCEN, idara ya Hazina ya Marekani), inayojazwa peke yake nje ya ripoti ya kodi.

Walioko Uingereza wamepumzika upande wa mchezaji, maana ushindi wa kubeti hautozwi kodi. Chama chao ndicho kinachojiandikisha halmashauri kama bahati nasibu ndogo: mauzo yasizidi pauni 20,000 kwa droo moja, na angalau asilimia 20 ya mauzo iende kwenye lengo lililotangazwa.