Shanta jepesi lisilokatika njiani: namna ya kulichagua, hatua kwa hatua

Mimi ni fundi wa mabegi, mjini Unguja. Mezani kwangu hupita mashanta ya vijana wanaotembeza wageni kwenye misitu ya Jozani, hapa Unguja, na Ngezi, kule Pemba, ya wanafunzi wanaojiandaa kwenda Kilimanjaro, na ya mitumba yaliyonunuliwa Darajani siku mbili nyuma. Mara nyingi kitambaa huwa kizima. Kilichokufa ni mkanda uliong'oka, zipu iliyokwama, au utando wa ndani ulioanza kunata kama gundi. Ndiyo maana nakuomba ulipime shanta kwa maungio yake. Rangi, wingi wa mifuko na jina kubwa mgongoni havikuambii litadumu miaka mingapi.

Hatua ya 1: Ujue mzigo wako kwanza

Tandaza sakafuni kila kitu utakachobeba, kisha kipime. Maji ndiyo huelemea: lita moja ni kilo moja, na kwa jua la kaskazi mtu anayetembea kutwa msituni Ngezi na kutokea pwani ya Vumawimbi hatoshelezwi na chupa moja. Anayeongoza wageni hubeba na ya akiba yao.

Kwa matembezi ya nusu siku Jozani au Masingini, shanta lenye ujazo wa lita 18 hadi 22 linatosha. Kwa kutwa nzima, chukua 25 hadi 30. Kilimanjaro mzigo mkubwa huchukuliwa na wapagazi. Mgongoni mwako hubaki maji, koti la mvua, nguo ya joto na chakula cha njiani, na hapo shanta la lita 25 hadi 35 linafaa. Ukienda Usambara ukalala njiani siku kadhaa huku ukijibebea kila kitu, utahitaji lita 40 hadi 50. Usinunue kubwa kwa kuwa bei yake imekaribiana na dogo. Nafasi ikiwepo mtu huijaza, na utachoka bure.

Hatua ya 2: Pima mgongo

Inamisha kichwa, upapase kile kifupa kinachojitokeza chini ya shingo. Kisha weka mikono kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Mwenzako apime kwa futi ya fundi kutoka kwenye kile kifupa hadi usawa wa vidole gumba. Huo ndio urefu wa mgongo, na ndio unaoamua saizi. Kimo hakisemi kitu. Watu wawili wa kimo kimoja huweza kupishana sana mgongo. Shanta la saizi isiyo yako, hata liwe jepesi vipi, mkanda wake wa kiunoni utakaa tumboni na mzigo wote utaning'inia mabegani.

Hatua ya 3: Soma kitambaa

Kwenye lebo utakuta namba kama 210D au 420D. Hiyo D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba ikipanda, uzi ni mnene, kitambaa ni kizito na kwa kawaida huvumilia zaidi kukwaruzwa. Kwa mtu anayetafuta wepesi, 210D ya nailoni kwa mwili wa shanta inatosha, mradi kitako kiwe kinene zaidi, 400D au 500D. Ukiona kitambaa chembamba kina miraba midogo midogo, huo ni ufumaji wa kuzuia mpasuko: kikitoboka, tundu haliendi mbali. Pendelea hicho.

Kitako nakisisitiza kwa sababu ya ardhi yetu. Upande wa mashariki na kusini mwa Unguja, kuanzia Michamvi hadi Makunduchi na Kizimkazi, unatembea juu ya maweni. Jiwe la matumbawe hukata kama wembe, na shanta hutuliwa chini kila mnapopumzika. Msituni Ngezi udongo ni laini na adui mkubwa ni unyevu, kwa hiyo anayetembea huko zaidi anaweza kuridhika na kitambaa chepesi.

Nailoni na poliesta zisikuchanganye. Kwa uzito ule ule nailoni hushinda kwa kukwaruzwa, lakini jua huichosha mapema. Poliesta huvumilia jua vizuri zaidi. Shanta la kukaa juani kwenye ngalawa kila siku, ningelichagulia poliesta.

Hatua ya 4: Ligeuze ndani nje

Hapa chukua muda wako, hata muuza duka akikunja uso. Fungua zipu yote, geuza, na uangalie mambo haya.

Kingo za kitambaa zimefungwa kwa utepe, au zimeachwa zikichambuka nyuzi? Kingo ikiachwa wazi hula mshono polepole, na siku utakayojaza shanta itafunguka. Kutoka mshono hadi ukingo pawe na nafasi ya kama sentimita moja. Ikiwa ni upana wa punje ya mchele, rudisha.

Kisha shika pande mbili za mshono kwa vidole gumba uvute. Ukiona nyuzi zimetengana kama meno na mwanga unapita, mshono umelegea. Mishono saba hadi kumi kwa inchi ni kiasi kizuri. Ikizidi sana, sindano imekitoboa kitambaa mstari mzima na kitachanika hapo hapo.

Sasa mikanda ya mabegani. Hapa ndipo mashanta mengi hufia. Mkanda uingie ndani ya mshono wa mgongo, usiwe umebandikwa juu yake tu, na pawe na mshono wa kukazia: ile zigizaga fupi iliyosongamana, au mraba wenye alama ya X katikati. Chini ya mshono huo pawe na kipande cha ziada cha kitambaa au mkanda. Uangalie pia ule mkono mdogo wa kunyanyulia. Kila mtu hunyanyua kwa huo, na watengenezaji wengi hukazia mikanda wakausahau.

Uzi nao una siri yake. Omba ruhusa, kata ncha inayoning'inia, uisogeze kwenye kiberiti. Pamba huwaka ikaacha majivu. Poliesta na nailoni huyeyuka zikafanya kijidonge kigumu. Uzi wa pamba kwa hewa yetu huoza. Shanta la aina hiyo usilichukue hata kwa bei ya kutupa.

Hatua ya 5: Linuse

Hii ni kwa mitumba khasa. Ndani ya kitambaa kingi mna utando wa poliyurethani unaozuia maji. Joto na unyevu, ambavyo Zanzibar tunavyo mwaka mzima, huuvunjavunja utando huo taratibu: huanza kunuka uchachu, kisha hunata, mwisho hubanduka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Inaniuma ninapomwona kijana ameweka akiba ya miezi kununua shanta zuri la jina kubwa, kumbe lilikaa miaka kwenye bohari na utando umeshakufa. Hakuna dawa ya kuurudisha. Kwa hiyo ingiza mkono mpaka kitakoni, sugua kwa kidole, kisha unuse kidole. Utando wa silikoni hauozi hivyo. Kitambaa chake huwa laini, chenye utelezi kidogo.

Ukiwa tayari unalo lililobanduka na mishono ni mizima, usilitupe. Lisugue kwa maji ya vuguvugu na sabuni mpaka utando utoke, halafu vitu vyako uviweke ndani ya mfuko wa kukunja mdomo, ule wanaotumia wazamiaji.

Hatua ya 6: Zipu na bizimu

Chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Meno ya zipu yawe ya plastiki au ya nailoni iliyojikunja, saizi 8 au 10 kwenye mlango mkuu na 5 kwenye mifuko midogo. YKK ya Japani imeniridhisha, ingawa kuna nyingi za kuigiza, kwa hiyo ifungue na kuifunga mara kadhaa huku umeikunja kwenye kona. Bora kuliko zipu, kwa mtu wa pwani, ni mdomo wa kukunja na kubana: hauna meno ya kuharibika, na maji hayaingii kirahisi.

Bizimu za plastiki zipitishwe kwenye mkanda, zisishonewe moja kwa moja. Ikivunjika iliyopitishwa unabadilisha mwenyewe kwa dakika. Iliyoshonewa itakuleta kwangu.

Hatua ya 7: Amua kuhusu fremu

Fremu ni kile kiunzi kigumu kinachonyoosha mgongo wa shanta. Mzigo usiofika kilo saba hauhitaji fremu wala mkanda mnene wa kiunoni. Ukikaribia kilo kumi, fremu inastahili uzito wake, kwa kuwa inahamishia mzigo kwenye nyonga. Zile zenye wavu uliotengana na mgongo hupitisha upepo, na kwa fukuto letu utashukuru, ila huongeza uzito na husukuma mzigo nyuma. Kwa shanta dogo ningechagua sponji nyembamba yenye mifereji.

Hatua ya 8: Mizani na mchele

Nenda na mizani ndogo ya kuning'iniza, ya kupimia samaki. Shanta tupu la lita 20 hadi 30 liwe kati ya gramu 500 na 900. La lita 40 hadi 50 lenye fremu, kilo moja hadi moja na nusu. Likifika kilo mbili, unabeba shanta badala ya mzigo.

Kisha jaza mchele wa kufungwa kilo kilo mpaka ufikie uzito wa mzigo wako, na ulivae. Legeza mikanda yote. Kaza wa kiunoni kwanza, juu ya mifupa ya nyonga. Ndipo ya mabegani, mwisho wa kifuani. Panda ngazi, shuka, inama, geuka. Robo saa inatosha kukuonyesha panapouma. Linyanyue pia kwa mkanda mmoja na utege sikio: ukisikia mlio wa uzi, lirudishe.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza nyumbani

Choma kidogo ncha za mikanda zisichambuke. Kila ukitoka pwani lisuuze kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, khasa kichwa cha zipu, na ulianike kivulini. Wakati wa masika litundike wazi penye upepo, usilifungie kabatini. Na ukiona mshono mmoja umeanza kufunguka, lilete kwa fundi wiki hiyo hiyo, likiwa safi na kavu.