Kuacha boti Tanga mkapande Usambara na watoto

Kama familia mnaishi kwenye boti ya matanga, panga boti kwanza, milima baadaye. Msiondoke siku nne mkitegemea nanga tu wakati upepo wa kusi unavuma, tafuteni boya imara, fungeni kamba mbili, zimeni gesi, pampu ya ngama, ile ya kutoa maji yanayoingia chini ya boti, iacheni kwenye otomatiki, na mtu mnayemwamini apite kila siku.

Halafu viatu jamani! Vimekaa miezi kabatini na unyevu wa chumvi, vikunje kwa mkono uangalie soli, gundi inaoza kimyakimya, cha mwanangu kilibanduka siku ya kwanza tu.

Watoto wa boti hawajazoea mlima, watembezeni ufukweni na mabegi wiki mbili kabla. Basi hadi Mombo, mnapanda mlima hadi Lushoto, mnachukua mwongozaji, mnaelekea kijiji cha Mtae kwa miguu taratibu. Julai usiku baridi kali, bebeni masweta.