Jinsi ya kutabiri wiki ya mechi za soka za shule za sekondari bila kubahatisha

Kijana anayesoma habari za michezo katika redio moja ya jamii huku Magharibi mwa Kenya aliniomba nimwonyeshe ninavyoandaa utabiri wangu wa wiki wakati wa michezo ya muhula wa pili. Nilipomaliza kumweleza nikaona heri niiandike kabisa, maana si yeye wa kwanza kuuliza. Mifano yangu ni ya Kakamega na majirani zake kwa sababu huko ndiko ninakovijua viwanja. Ukiwa Kilifi au Machakos, badilisha majina tu. Kazi ni ile ile.

Lakini kabla hujashika kalamu, elewa kwamba unatabiri vijana wa mwaka huu, si jina la shule. Mashabiki wakisikia Green Commandos wa Kakamega School, Scorpions wa Musingu au Solidarity Boys wa St. Anthony's Kitale, tayari wameshatoa ushindi. Jina hilo lilijengwa na watu ambao leo ni baba za watoto.

Hatua ya 1: Pata ratiba na kanuni

Ratiba hutoka kwa chama cha michezo ya shule za sekondari, KSSSA, na huwafikia walimu wa michezo kabla ya mtu mwingine yeyote. Omba kwa mwalimu. Andika saa na uwanja, si siku pekee. Kisha uliza mambo matatu: ni timu ngapi zinazofuzu kwenda ngazi inayofuata, timu zikilingana pointi zinatenganishwaje, na mechi ya mtoano ikiisha sare kuna muda wa ziada au wanaenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti. Usitumie kanuni za mwaka jana.

Hatua ya 2: Kusanya matokeo, kisha uyasafishe

Hapa ndipo muda wangu wote huishia. Hesabu za hatua ya nne mtoto wa shule anaziweza. Matokeo safi ndiyo adimu.

Michezo hii hupanda ngazi kwa ngazi: zoni, kaunti ndogo, kaunti, kanda, taifa, na washindi huenda FEASSSA kukutana na wenzao wa Afrika Mashariki. Kuanzia kanda kwenda juu, magazeti huandika. Chini ya hapo utategemea makundi ya WhatsApp, ubao ulioandikwa kwa chaki, na kumbukumbu ya mtu aliyekuwa pembeni mwa uwanja akila muwa. Kwa hiyo kila tokeo nalitaka kutoka kwa watu wawili wasio wa shule moja. Nikipata mmoja tu, naliandika kwa penseli. Ujumbe wangu kwa walimu ni mfupi: "Habari ya jioni, mwalimu. Naomba kuthibitisha mechi yenu ya leo asubuhi: mlishinda 2-1, na hakukuwa na penalti. Niko sawa?" Mwalimu aliyechoka hujibu swali la ndiyo au la. Ukimwomba akusimulie mechi, atakujibu wiki ijayo.

Ukishayapata, anza kusafisha.

Majina kwanza. Kakamega High na Kakamega School ni shule moja. Friends School Kamusinga mwingine ataandika Kamusinga, mwingine FSK. Shule zenye jina la St. Mary's ziko tele, na zoni mbili jirani zinaweza kuwa na moja kila moja. Ukiacha majina yalivyo, timu moja itageuka tatu dhaifu, na timu mbili zitaungana kuwa moja isiyokuwepo. Ninaipa kila shule kifupi cha herufi nne pamoja na kaunti ndogo yake, na sibadilishi kamwe.

Penalti. Mechi iliyoisha 1-1, kisha mikwaju 5-4, utaikuta imeandikwa 6-5. Ukiiingiza hivyo, mabeki wawili wazuri wataonekana wazembe na washambulizi wa kawaida watakuwa moto. Kila ukiona idadi kubwa ya mabao iliyopishana kwa moja katika mechi ya mtoano, shuku, uliza. Kwenye daftari langu mechi hiyo ni sare ya 1-1, na penalti zina safu yake pembeni.

Ushindi wa mezani. Timu ikikosa kufika au ikiondolewa kwa kuchezesha mtu asiyestahili, mpinzani hupewa pointi na mabao. Pointi ziandike, mabao yafute. Hakuna aliyeyafunga.

Urefu wa mechi. Katika ngazi za chini, siku ikiwa na mechi nyingi kwenye uwanja mmoja, waandaaji huweza kufupisha dakika ili jua lisiwazamie. Bao moja katika dakika 60 si sawa na bao moja katika dakika 90. Mechi ya dakika 60 nazidisha mabao yake kwa moja na nusu. Ukishindwa kujua mechi ilichezwa dakika ngapi, iache nje, hata kama inakuuma kuipoteza.

Mabao mengi mno. Hili hutokea zaidi upande wa wasichana. Shule kama Butere Girls, Wiyeta au Nyakach Girls ikikutana mapema na timu iliyokusanywa mwezi uliopita, matokeo huwa ya kutisha. Bao la saba halikuambii lolote kuhusu nusu fainali. Nimeweka dari: zaidi ya mabao manne, nahesabu manne. Kuna wanaonibishia hapa. Wajaribu bila dari kisha wauone utabiri wao wa fainali.

Mwisho, uzito wa wapinzani, ambao ndio mgumu kuliko yote. Kakamega School na Musingu ziko kaunti moja, maana yake mojawapo inaweza kuaga mashindano kabla hata ya kufika kanda, ilhali bingwa wa kaunti jirani amepita bila kuguswa. Rekodi ya "mechi tano, ushindi tano" ya huyo bingwa usiichukulie kama ilivyo. Kanda ya Magharibi ina kaunti nne, Bonde la Ufa kumi na nne, Kaskazini Mashariki tatu. Njia za kufika taifa hazifanani. Mimi hutafuta mpinzani wa pamoja: timu mbili zilizowahi kucheza na timu ileile msimu huu. Mechi za kirafiki za mwanzo wa muhula husaidia hapa, lakini nazipa uzito nusu, kwa sababu kocha anaweza kuwachezesha wachezaji wote aliokuja nao kwenye basi.

Chombo? Daftari la miraba uwanjani, Google Sheets nyumbani. Zile programu za kutabiri ligi za Ulaya ziache. Hazijawahi kusikia jina la shule yenu.

Hatua ya 3: Kagua kikosi

Hesabu ni wachezaji wangapi wa kikosi cha kwanza cha mwaka jana ambao bado wapo. Kidato cha nne wakiondoka, nusu ya timu inaweza kwenda nao. Chini ya watano waliobaki, matokeo ya mwaka jana sitayatumia hata kidogo.

Miaka hii kuna jambo la ziada. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, kwa hiyo mwaka 2025 hakukuwa na kidato cha kwanza shuleni. Januari 2026 gredi ya 10 ya kwanza ikaingia shule za sekondari ya juu, na miongoni mwa mikondo mitatu wanayochagua upo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Shule iliyozoea kuokota vipaji kutoka msingi na kuvilea miaka minne sasa ina miaka mitatu, na vipaji vyenyewe vimepangiwa shule kwa utaratibu mwingine. Kwa hiyo uliza shule inatoa mkondo gani. Swali hilo halikuwa na maana yoyote miaka kumi iliyopita.

Uliza pia kama kuna rufaa kuhusu umri au uhamisho wa wachezaji. Rufaa ikiwa mezani, iandike wazi kwenye utabiri wako. Usiandike jina la mtoto. Hao ni vijana wa miaka 16 na 17, na tetesi ya kijiweni huwafuata hadi darasani.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Unahitaji wastani wa mabao ya kufunga na kufungwa kwa kila timu, na wastani wa mashindano yote. Tuseme mashindano yana wastani wa mabao 1.3 kwa timu kwa mechi. Timu A imecheza mechi nne, imefunga 9 na kufungwa 1. Timu B imecheza nne, imefunga 4 na kufungwa 3.

Mechi nne ni chache mno kuziamini. Kwa hiyo kila timu naiongezea mechi tatu za kubuni zenye wastani wa mashindano, yaani mabao 3.9 ya kufunga na 3.9 ya kufungwa, kisha nagawanya kwa saba. A inakuwa 1.84 kufunga na 0.70 kufungwa. B inakuwa 1.13 na 0.99.

Mabao ya kutarajiwa ya A ni 1.84 mara 0.99, gawanya kwa 1.3: unapata 1.40. Ya B ni 1.13 mara 0.70, gawanya kwa 1.3: 0.61. Sasa fungua Sheets, utumie fomula ya Poisson, inayogeuza wastani wa mabao kuwa uwezekano wa kila idadi ya mabao: andika =POISSON.DIST(0,1.4,FALSE) upate uwezekano wa A kutofunga; badilisha sifuri iwe 1, 2, 3 na kuendelea. Fanya vivyo hivyo kwa B, zidisha kila namba ya A kwa kila namba ya B upate uwezekano wa kila tokeo, kisha jumlisha yale ambayo A imeshinda, yale ya sare, na yale ambayo B imeshinda. Utapata A kushinda asilimia 56, sare 28, B kushinda 16.

Tokeo linaloongoza ni 1-0, lakini kwa asilimia 19 tu. Ndiyo maana sipendi kutabiri idadi ya mabao, japo wasikilizaji huitaka kuliko kitu kingine. Kama ni mtoano, gawanya sare nusu kwa nusu: A kusonga mbele asilimia 70, B 30. Kipa hodari wa penalti? Usimwongezee zaidi ya pointi mbili tatu za asilimia.

Hatua ya 5: Rekebisha kwa uwanja, mvua na uchovu

Hesabu haijui kwamba Kakamega mvua hupenda kunyesha alasiri. Mechi ya saa tatu asubuhi huchezwa kwenye nyasi kavu, ya saa tisa kwenye tope lililokanyagwa na timu sita. Timu ya pasi fupi ikipangiwa saa tisa, naishusha pointi tano. Ikiwa mechi iko Bukhungu, uwanja mkuu wa mji wa Kakamega, siishushi sana, lakini viwanja vya shule vingine vina mteremko ambao mwenyeji anaujua kwa nyayo zake.

Angalia idadi ya mechi mfululizo. Mashindano hubanwa katika siku chache, na vijana wanaweza kucheza kila siku. Timu yenye wachezaji kumi na watano wa kiwango kimoja huishinda siku ya nne timu yenye nyota wawili. Hili nalipa uzito kuliko mvua.

Kisha hesabu za kundi. Mechi ya tatu ambapo timu zote mbili zimeshafuzu haitabiriki. Kocha atapumzisha watu, au atachagua nani akutane naye nusu fainali. Hapo naandika 40, 30, 30 na kueleza kwa nini.

Jumla ya marekebisho yote isizidi pointi kumi. Ukijipa ruhusa zaidi ya hapo utaanza kuisaidia shule uliyosoma, na hutajiona ukifanya hivyo.

Hatua ya 6: Andika

Aya moja kwa kila mechi: asilimia, sababu kuu, na kitu kimoja kinachoweza kuvuruga. Mechi nyepesi zipe sentensi moja. Usiandike "lolote linaweza kutokea". Wanaokuomba utabiri wa kupeleka kwenye kamari, wanyime. Hao ni watoto wa shule wanaocheza.

Hatua ya 7: Jipime kabla ya wiki ijayo

Kwa kila mechi, toa asilimia yako (56 iandike 0.56) kutoka kwenye kilichotokea, 1 au 0, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha matokeo matatu. Kwa mfano wetu, A ikishinda: 0.44 mara 0.44, ongeza 0.28 mara 0.28, ongeza 0.16 mara 0.16, unapata takriban 0.30. Mtu aliyegawa theluthi kwa kila tokeo hupata 0.67 kila mara. Ukimaliza wiki na wastani ulio juu ya 0.67, ungeweza kulala. Ukiwa chini yake kidogo, unaenda vizuri.

Tenganisha alama za hesabu tupu na alama baada ya marekebisho ya hatua ya tano. Marekebisho yakizidi kukuharibia wiki baada ya wiki, anza kwa kufuta la mvua, kisha la mteremko. La uchovu liache libaki.