Kabla hujavuka mwamba: jinsi ya kuhakikisha utasikika ukikwama baharini

Mimi ni fundi wa umeme wa boti hapa Mtwapa. Kwa miaka kumi na tisa nimekuwa nikifunga redio, taa na pampu za ngama (sehemu ya chini kabisa ya boti ambako maji hukusanyika) kwenye boti za watu wanaotoka Jumamosi kwenda kuvua nje ya mwamba. Haya nawaandikia wenye boti ndogo, futi ishirini na kitu, ambao wakishapita mlango wa mwamba hawana tena pa kutia nanga. Hapa kwetu kilindi kiko karibu sana, na baada ya mwendo mfupi tu kamba yako yote haifiki chini. Injini ikizima, boti inakwenda na maji.

Mwezi wa Agosti, miaka sita iliyopita, nilitoka na shemeji yangu kwa boti yake. Tukiwa maili 11 kutoka mlangoni, bomba la maji ya kupoza injini likachomoka, ngama ikajaa taratibu bila sisi kujua. Tulipoinua kifuniko, maji yalikuwa yamekwisha funika betri. Injini ikazima, pampu ikazima, na redio nayo ikazima, kwa sababu waya wake ulitoka kwenye betri ile ile. Redio hiyo niliifunga mimi mwenyewe. Simu zetu mbili zilikuwa zinaonyesha mtandao na kuupoteza, na hakuna simu iliyopita. Tuliziba bomba kwa kipande cha mpira wa tairi, tukateka maji kwa ndoo kutwa nzima, huku mkondo ukitupeleka kaskazini. Karibu na magharibi wavuvi wa Takaungu wakatuona wakirudi kwao, wakatuvuta. Tangu siku hiyo sifungi redio ya boti kama nilivyokuwa nikiifunga.

Betri ya redio iwe ya peke yake

Tafuta betri ndogo ya volti 12 iliyofungwa kabisa, isiyovuja ikilala ubavu, uiweke juu, chini ya kiti cha nahodha au ndani ya kibanda. Iwe na fyuzi yake na waya wake, na iwe inachajiwa na injini kupitia kitenganishi, ili betri kubwa ikifa isiivute. Redio ya watt 25 hula takriban ampea tano au sita unapoongea, na kidogo sana unaposikiliza. Pima betri asubuhi kabla ya kutoka, injini ikiwa imezimwa: volti 12.6 imejaa, na ikisoma karibu na 12 usitoke nayo.

Antena ndiyo inayoamua utasikika wapi. Mawimbi ya VHF, yaani ya redio hii ya boti, hayapindi kufuata mgongo wa bahari, hivyo urefu ni kila kitu. Hesabu yake ni hii: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, zidisha kwa 2.25, unapata maili za baharini. Fanya vivyo hivyo kwa antena ya anayekusikiliza, kisha jumlisha. Antena yako ikiwa mita 4 juu ya maji, upande wako ni maili 4.5. Meli inayokuja Kilindini yenye antena mita 36 juu, upande wake ni 13.5. Jumla 18, mambo yote yakiwa sawa. Lakini ukikaa ndani ya boti umeshika redio ya mkononi usawa wa mita moja, upande wako unabaki maili 2.25 tu, na nguvu yake ni watt 5. Mvuvi mwenzako mwenye redio kama hiyo anaweza kuwa upande wa pili wa upeo wa macho asikusikie kabisa.

Kosa ninalolikuta mara nyingi liko kwenye maungio ya waya wa antena. Chumvi huingia, shaba inageuka kijani, na redio inaonekana nzima kwa sababu inawaka na kutoa sauti. Mwenyewe anamwita jirani yake hapo hapo gatini, anajibiwa, anaridhika. Jaribio hilo halina maana. Hata antena iliyooza humfikia jirani. Mwombe rafiki aliye maili nne au tano akujibu, mkutane chaneli 72, na 16, ya wito na dharura, muiache wazi. Akikusikia kwa mikwaruzo, fungua maungio, kata sehemu iliyooza, funga upya, kisha zungushia utepe wa mpira ule unaojishika wenyewe.

Kama redio yako ina kitufe chekundu chini ya kifuniko, hicho ni cha DSC, yaani wito wa dharura wa kidijitali. Ukikishikilia sekunde chache, redio inarusha kwa chaneli 70 namba ya boti yako, yaani MMSI, pamoja na mahali ulipo. Namba hiyo ina tarakimu tisa, na za Kenya huanza na 634. Sharti iwe imeingizwa, na redio iwe imeunganishwa na GPS. Nimefungua redio nyingi za bei kubwa nikakuta nyaya mbili za GPS zinaning'inia nyuma yake hazijagusa kitu. Ukibonyeza, wanajua kuna mtu taabani, hawajui yuko wapi.

Maneno ya kusema

Chaneli 16, nguvu ya juu. Sema Mayday mara tatu, kisha jina la boti mara tatu. Kisha Mayday tena na jina mara moja, halafu mahali ulipo, kilichotokea, msaada unaotaka, na idadi ya watu. Malizia kwa Over, achia kitufe, usikilize. Mahali utaje tarakimu moja moja: nyuzi sufuri nne, dakika sufuri mbili Kusini, nyuzi tatu tisa, dakika tano sufuri Mashariki. Maneno yote haya yaandike kwenye karatasi ya plastiki uibandike kando ya redio, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza chepesi, maana zamu ya melini huenda ni Mfilipino au Mhindi. Kila abiria aweze kuisoma, kwa kuwa anayeanguka majini anaweza kuwa nahodha.

Kama injini imezima na hakuna hatari ya haraka, neno ni Pan-Pan, mara tatu. Watu wengi wanaona haya kulitumia. Wanasubiri, wanafungua injini, wanaifunga, saa zinakwenda. Mkondo wa noti mbili, yaani maili mbili za baharini kwa saa, kwa saa tano unakupeleka maili kumi, na kila maili ya kaskazini inakutoa mahali ambapo watu walikuwa wanakutarajia. Mimi na shemeji tungekuwa na redio, ningeita dakika ile ile ya kwanza.

Ukiwa mbali kuliko redio

Boya la dharura la setilaiti, EPIRB, linaongea na setilaiti za Cospas-Sarsat, mfumo wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji, kwa masafa ya 406 MHz. Likishawashwa hufanya kazi saa 48 au zaidi, na lenye GPS ndani hutoa mahali ulipo kwa karibu mita mia moja. Pia hurusha mlio wa 121.5 MHz wa kuwaongoza waokoaji wanapokaribia. Ukiuziwa kifaa cha zamani cha 121.5 peke yake, usikichukue, kwa sababu setilaiti ziliacha kusikiliza masafa hayo tangu Februari 2009. Kuna pia kile kidogo cha mtu binafsi, PLB, cha saa 24, ambacho antena yake inabidi uishike ielekee juu. Kwa boti ndogo na mfuko mdogo, mimi nachagua PLB iliyofungwa kwenye jaketi la nahodha.

Vyote viwili ni lazima visajiliwe kwa jina lako, boti yako, na simu za watu wawili wa nchi kavu. Hapa Mombasa, kituo cha uratibu wa uokoaji baharini kilifunguliwa mwaka 2006, chini ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya. Jambo la kwanza wanaloweza kufanya wakipata ishara ni kupiga simu hizo. Ikiwa namba ni ya mtu aliyekuuzia kifaa miaka minne iliyopita, muda unapotea.

Fataki

Fataki ya ishara ya dharura, ile ya parachuti, hupanda mita 300 na kuwaka sekunde 40. Ya mkononi huwaka dakika moja. Moshi wa chungwa ni wa mchana. Usirushe parachuti kwa sababu tu umechoka kusubiri. Rusha unapoiona meli au kusikia ndege. Ya mkononi ishike upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, mkono nje ya boti, usiitazame. Angalia tarehe, nyingi ni miaka mitatu. Kioo kidogo cha ishara hakina tarehe na jua letu ni kali, beba.

Kilichoko mwilini

Jaketi la kuokolea la nje ya mwamba liwe na nguvu ya kuelea ya newtoni 150, na mkanda wa kupita katikati ya mapaja ufungwe. Bila mkanda huo jaketi hupanda usoni na kichwa chako kinazama ndani yake. Watoto wawe na ya kipimo chao. Kwenye kila jaketi funga filimbi na taa. Ukiendesha peke yako, kamba ya kuzimia injini iwe mguuni. Kizima moto na sanduku la huduma ya kwanza sina haja ya kueleza, ila visiwe chini ya mizigo. Maji ya kunywa beba ya siku mbili.

La mwisho ni karatasi. Kabla ya kutoka naandika jina la boti, rangi yake, majina ya tulio ndani, tunakoelekea, saa ya kurudi, na saa ya kupiga simu. Kwangu saa ya kupiga simu ni kumi na moja jioni, kwa kuwa jua linazama kama kumi na mbili na nusu na waokoaji wanahitaji mwanga. Chini yake naandika namba ya kituo cha uokoaji. Karatasi inakaa mlangoni mwa friji. Nisipompigia mke wangu kufikia saa hiyo, haanzi kuwauliza ndugu na majirani kama wameniona. Anapiga kituo, anawasomea karatasi kama ilivyo.