Moshi wa kiwanda ukikuingilia nyumbani: fuata njia hii

Majirani zangu wa Changamwe huniuliza waanzie wapi. Mimi huwaambia: anza na daftari, si na kelele. Andika tarehe, saa, rangi ya moshi, harufu yake, na upepo ulikotoka. Hili la upepo usilipuuze. Wakati wa kusi moshi hufuata njia moja, kaskazi ikiingia hugeuka, na mwenye kiwanda hushika hapo hapo kukana. Piga picha masizi kwenye nguo zilizoanikwa. Mtoto akikohoa mpeleke zahanati, na ile karatasi ya daktari uiweke.

Kisha peleka barua NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, nakala mbili. Moja igongwe muhuri urudi nayo.

Wakikaa kimya, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Mombasa. Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya kinakupa haki ya mazingira safi. Cha 70 hakikulazimishi kuthibitisha kwamba kuna mtu ameumia au amepata hasara. Nalisisitiza hili kwa kuwa wengi hungoja mpaka mtu augue.

Watazameni watu wa kijiji cha Owino Uhuru, hapa Mombasa. Madini ya risasi, yale yenye sumu, kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu yaliingia hadi kwenye damu za watoto. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua 2023, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kesi ile ilipelekwa kwa niaba ya kijiji kizima. Nanyi fanyeni hivyo, maana mtu peke yake hutishwa upesi.