Kurekebisha herufi zilizovurugika kwenye terminali ya Linux kabla ya kuchagua kihariri

Orodha ya anwani za wateja iliyoandaliwa kwenye Windows katika ofisi ya Kariakoo husomeka vizuri hadi inapofunguliwa kwenye seva ya Linux, ambako jina la Chang'ombe hugeuka kuwa Changâ€™ombe au Chang�ombe. Wengi hukimbilia kubadilisha kihariri, yaani programu ya kuandikia na kurekebisha maandishi. Nashauri kihariri kiwekwe kando kwanza, kwa sababu hitilafu inaweza kuwa katika mipangilio ya lugha ya mfumo, katika terminali (dirisha la kuandikia amri) au katika faili lenyewe, na kila moja ina tiba yake.

Chanzo chake ni ritifaa, ile alama ya ' katika ng'. Ile iliyonyooka, tunayoipata moja kwa moja kwenye kibodi, imo ndani ya herufi 128 za ASCII, usimbaji (mfumo wa kuzipa herufi namba) wa msingi, na haiharibiki popote. Programu za ofisi, hata hivyo, huigeuza kimyakimya kuwa ritifaa iliyopinda, ambayo katika Windows-1252, usimbaji wa Windows, ni baiti moja, 92, na katika UTF-8, usimbaji unaotumika kwenye Linux, ni baiti tatu, E2 80 99 (zote kwa heksadesimali). Ndiyo maana Kiswahili, ambacho karibu maandishi yake yote hutoshelezwa na ASCII, huumia hasa penye ng'.

Hatua ya 1: mipangilio ya lugha. Andika:

`locale charmap`

Jibu linalotakiwa ni UTF-8. Ukipata ANSI_X3.4-1968, mfumo unatambua ASCII peke yake. Kwenye Debian au Ubuntu, endesha:

`sudo dpkg-reconfigure locales`

Chagua sw_TZ, au en_US.UTF-8 ikiwa unataka ujumbe wa makosa ubaki kwa Kiingereza. Mimi huchagua hiyo ya pili kwenye seva, kwa kuwa ujumbe huo ni rahisi zaidi kuutafutia ufumbuzi mtandaoni. Toka kwenye mfumo kisha uingie upya ili mabadiliko yashike. Asiye na ruhusa ya msimamizi atumie `export LANG=C.UTF-8`.

Hatua ya 2: terminali. Ipime bila kuhusisha faili lolote:

`printf 'Chang\342\200\231ombe\n'`

Namba 342, 200 na 231 ni zile baiti tatu za UTF-8 zilizoandikwa kwa oktali. Ukiona ritifaa iliyopinda, terminali ni nzima. Ukiona â€™, terminali inazisoma baiti hizo kama Windows-1252. Kwa wanaoingia kwenye seva kwa PuTTY (programu ya Windows ya kuingilia seva kwa mbali), fungua Window, kisha Translation, uchague UTF-8. Kisanduku kitupu kinamaanisha fonti haina herufi hiyo, na DejaVu itatosha. Skrini iliyojaa alama za ajabu baada ya kufungua faili lisilo la maandishi hurekebishwa kwa amri ya `reset`.

Hatua ya 3: faili. Endesha `file -i anwani.txt`. Jibu likiwa unknown-8bit, na faili limetoka Windows, yaelekea sana kuwa ni Windows-1252. Libadilishe kwa iconv, amri ya kubadilisha usimbaji:

`iconv -f WINDOWS-1252 -t UTF-8 anwani.txt > mpya.txt`

Usielekeze matokeo kwenye jina lilelile la faili, kwani litafutwa yaliyomo kabla iconv haijayasoma. Ikiwa jibu ni utf-8, terminali imefaulu kipimo, na bado unaona â€™, basi faili lilishabadilishwa mara mbili. Hapo geuza mwelekeo, kutoka UTF-8 kwenda WINDOWS-1252, na baiti za awali zitarudi mahali pake.

Hatua ya 4: kihariri. Anayeingia kwenye seva mara chache kubadilisha mstari mmoja atumie nano, ambayo huonyesha amri zake chini ya skrini: Ctrl+O kuhifadhi, Ctrl+X kutoka. Anayeshinda na mafaili ya aina hii ajifunze Vim, hata kama siku za mwanzo ni ngumu. Weka kishale juu ya ritifaa, bonyeza g8, nayo itakuonyesha e2 80 99, yaani baiti za herufi hiyo katika UTF-8. Faili la Windows-1252 hufunguliwa upya kwa `:e ++enc=cp1252`, kisha huhifadhiwa kwa `:set fileencoding=utf-8` na `:w`. Emacs nayo inaimudu kazi hii vizuri, lakini kwenye seva nyingi italazimu kuisakinisha.

Ukishaamua, andika `export EDITOR=vim` au `export EDITOR=nano` ndani ya ~/.bashrc (faili la mipangilio yako ya Bash), ili amri kama `crontab -e` na `git commit` zifungue kihariri ulichokichagua.