Breki ya nyuma yazama? Jua shida iko wapi kabla hujatoa upepo

Ndugu zangu wa pikipiki, hii ni ya wale wenye diski nyuma, dramu haina mafuta so haikuhusu. Ukiteremka ile rampu ya feri pale Likoni, imelowa maji ya chumvi na watu wamejaa mbele yako, breki ya nyuma ndo yakushikilia, sasa ukanyage pedeli izame mpaka chini, wallahi moyo waruka.

Wengi wakimbilia kublidi tu, yaani kutoa upepo kwenye mafuta ya breki. Ngoja kwanza, isikilize pedeli. Ikiwa yabonyea kama sponji lakini ukipampu mara tatu nne yapanda na kuwa ngumu, huo ni upepo. Ikiwa waishikilia na yashuka pole pole, na hakuna mahali pavuja, hapo ni raba za ndani ya masta silinda (ile pampu ya mafuta inayosukumwa na pedeli) zimelika, utablidi mpaka magharibi na haitapona, badilisha raba. Na kama breki yajishika yenyewe mpaka diski yachemka, angalia ile rodi ya pedeli, lazima iwe na nafasi kidogo kabla haijasukuma pistoni, ikibana mafuta hayarudi. Rodi iko sawa? Basi fungua kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, huku kwetu chumvi yala pini na pistoni vibaya sana. Pedi ikibaki milimita 1 usiulize, tupa.

Haya, ni upepo. Tafuta spana ya ringi ya kufungulia nipo (kile kiskurubu cha kutolea upepo kwenye kalipa), nyingi ni namba 8, mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa, na mafuta mapya ya breki, soma kifuniko cha tangi la mafuta ya breki chasema DOT ngapi, hiyo ndo daraja ya mafuta. DOT 4 ndo kawaida, lakini DOT 5 ni silikoni usichanganye kabisa. Na usinunue ya kupimiwa kwa kopo lililokaa wazi, mafuta haya yanyonya unyevu na Mombasa unyevu hauishi: DOT 4 mpya yatakiwa ivumilie nyuzi 230 bila kuchemka, ikishaingia maji kiwango chashuka mpaka 155.

Funika rangi ya pikipiki, mafuta ya breki yaibambua, yakimwagika osha na maji saa hiyo hiyo. Jaza tangi lake dogo, chomeka mpira kwenye nipo ya kalipa, ncha ya pili izame kwenye mafuta kidogo ndani ya chupa. Pampu pole pole, shikilia chini, legeza nipo robo mzunguko, upepo utoke, FUNGA, halafu ndo uachie pedeli. Ukiachia kabla hujafunga yavuta upepo tena na kazi yote imekwenda bure, hapa ndo vijana wengi wakosea. Rudia hadi mapovu yaishe, na kila baada ya mara nne tano ongeza mafuta juu, tangi likikauka waanza mwanzo.

Bado yabonyea? Angalia nipo, lazima iwe ndo sehemu ya juu kabisa ya kalipa maana upepo hupanda. Kama imelala chini, fungua kalipa uiinue, tia kipande cha mbao kati ya pedi pistoni zisitoke, blidi hivyo hivyo.

Ukimaliza kaza nipo kwa adabu, yakatika upesi hiyo, ukirudisha kalipa pampu mpaka pedeli iwe ngumu, kisha zunguka mtaani kwenu mwendo wa pole ukiikanyaga mara kadhaa na ukague kama pavuja, kabla hujapakia abiria.